Je, Wajua? Triga Nyepesi, Mambo Mazito

Je, wajua kwamba bastola ya Glock 17 bila magazini ina gramu 630 hivi, lakini triga yake hutaka mvuto wa kilo 2.5? Yaani kidole kinavuta karibu mara nne ya uzito wa bastola nzima! Mtu akikosa shabaha, usimcheke upesi.

Ndiyo maana Wamarekani wengi huifungua Glock mezani nyumbani, wakasugua vyuma vya ndani kwa vijiti vya pamba na dawa ya kung'arishia, jamii ya ile Brasso unayoijua, ili triga ivutike kwa wepesi. Kazi hiyo wameibatiza "triga ya senti 25". Eti gharama yote ndiyo hiyo!

Sasa shika kiti. Ile poda nyekundu ambayo masonara hung'arishia dhahabu ni oksidi ya chuma. Kutu, bwana! Adui mkubwa wa bunduki, akisagwa laini, anageuka fundi wa kung'arisha.

Ulidhani chuma kikizidi kuwa laini ndivyo kinavyozidi kuteleza? Ngoja kwanza. Mwaka 1896 Carl Edvard Johansson, mkaguzi katika kiwanda cha bunduki cha Eskilstuna, Uswidi, alibuni vibao vya chuma vya kupimia. Vilinyooshwa na kulainishwa mpaka ukivikutanisha viwili vinanatana bila gundi! Na seti yake ya vibao 102 ilitoa vipimo 20,000.

Hili nalo wasugua triga hulisahau: vyuma vingi vya bastola ni vigumu juu juu tu. Tabaka hilo gumu mara nyingi halifiki hata milimita moja. Limalize kwa msasa, na bastola inaweza kufyatuka kwa kudondoka tu!

Je, wajua kuna walioitaka triga iwe ngumu makusudi? Kwa miaka mingi polisi wa New York walibeba bastola zenye triga ya pauni 12, zaidi ya kilo 5, ili risasi isitoke kwa bahati mbaya. Kidole kilikuwa na kazi!

Olimpiki nako hulegezi utakavyo. Bastola ya upepo ya mita 10 husimamishwa mtutu juu, triga ikatundikwa gramu 500, nusu kilo ya sukari. Ikifyatuka, imekataliwa. Lakini bastola ya mita 50 haikuwekewa kikomo chochote! Jin Jong-oh wa Korea Kusini alitwaa dhahabu kwa bastola hiyo 2008, 2012 na 2016, kisha mchezo wenyewe ukaondolewa.

Unadhani triga ilikuja na baruti? Thubutu! Karibu na Xi'an, China, jeshi la sanamu za udongo lilizikwa na pinde zenye triga za shaba nyeusi, yapata mwaka 210 kabla ya Kristo.

Na hii nimekuwekea mwisho, maana ni tamu. Tarehe 11 Julai 1804, Aaron Burr, Makamu wa Rais wa Marekani, alimpiga Alexander Hamilton risasi ya kumuua walipopambana kwa bastola. Silaha hizo zilikuwa na mtambo wa siri wa kuifanya triga iwe nyepesi mno. Leo zinamilikiwa na benki ya JPMorgan Chase, ambayo mzizi wake mmoja ni kampuni iliyoanzishwa mwaka 1799 na Burr mwenyewe!