Supu ya Tarime, Tambi za Lanzhou

Sogeeni karibu, wajukuu wangu. Na wewe uliyesimama mlangoni, ingia ufunge, maana baridi ya Tarime haina huruma na hadithi yenyewe ni ya supu.

Kwanza twende mbali. Huko China, kando ya Mto Manjano, pana mahali panaitwa Lajia. Yapata miaka 4,000 iliyopita kijiji cha hapo kilikumbwa na tetemeko la ardhi, kisha mafuriko yakakifukia kwa matope. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofika, walichimba kama mita tatu kwenda chini, wakakuta bakuli la udongo limepinduka. Wakaliinua. Chini yake, tambi! Nyembamba, za manjano, nyingine zina urefu wa nusu mita. Zilipopigwa na hewa hazikudumu, zikasagika. Habari zake zilitoka mwaka 2005 katika jarida la Nature, na hadi leo hazijaonekana tambi za kale kuliko hizo.

Tambi zile hazikuwa za ngano. Wataalamu waliozipima walisema ni za nafaka ndogondogo, jamaa wa uwele na wimbi. Wimbi hili hili tunalopikia uji na kusongea ugali! Hapo wataalamu wengine wakabisha: unga wa namna hiyo unavutikaje mpaka ukawa uzi wa nusu mita?

Swali lao lina maana, na ninyi mnaweza kulijaribu jikoni. Kanda unga wa wimbi kwa maji, halafu ulivute donge. Litakatika papo hapo. Kanda wa ngano, uliache lipumzike, kisha vuta: linanyooka, na ukiliachia linajirudisha. Ndani ya ngano mna protini ambayo ikilowa na kukandwa hufanya utando unaovutika, wanaita gluteni. Wimbi halina, wala mahindi hayana, ndiyo maana bibi zetu walisonga, hawakuvuta. Waliotetea tambi za Lajia walisema huenda zilisukumwa kupitia matundu madogo na kudondokea kwenye maji yanayochemka. Hilo mimi naliamini. Mmeshakula tambi za dengu, zile za kutafuna na chai? Dengu nayo haivutiki, na ndivyo zinavyotengenezwa, ila zenyewe hudondokea kwenye mafuta.

Sasa turudi nyumbani. Kijana mmoja aliniuliza atapata wapi mgahawa wa Kiasia huku kwetu, maana ameona kwenye simu watu wakila tambi kwa vijiti na mate yamemtoka. Nikamjibu: umeanza kuingia humo tangu unabebwa mgongoni. Hoteli ya asubuhi pale mjini, yenye chapati, sambusa na chai ya maziwa yenye tangawizi, ni nini kama si hiyo? Chapati ni ya Wahindi. Waingereza walipojenga reli kutoka Mombasa walileta zaidi ya vibarua 30,000 kutoka India, na mwaka 1901 reli ikafika Ziwa Viktoria, pale panapoitwa Kisumu leo. Nyuma ya reli wakaja wenye maduka, na meli za ziwani zikaunganisha Kisumu na Musoma na Mwanza. Unga, majani ya chai na viungo vikapata njia. Leo mama anayesukuma chapati Sirari au Nyamongo hajioni anapika cha kigeni, na hana sababu ya kujiona hivyo.

Tambi nazo zilitangulia pwani. Zanzibar na Mombasa watu huzikaanga, wakazipika kwa tui la nazi, sukari na iliki, wakafuturu nazo. Tamu kweli, lakini mimi mtoto wa wafugaji nataka tambi zenye mfupa.

Na zipo! Mji wa Lanzhou, China, unasifika kwa tambi za supu ya ng'ombe, na mabingwa wake ni Wahui, Waislamu wa kule. Mpishi hushika donge refu kama kamba, akalivuta mikono ikiwa imetanuka, akalikunja katikati, akalivuta tena. Uzi mmoja unakuwa nyuzi mbili, mbili nne, nne nane. Akikunja mara nane ana nyuzi 256, na hajagusa kisu. Hesabuni wenyewe kama naongopa. Vietnam wana pho: tambi za mchele katika supu ya mifupa ya ng'ombe iliyochemka saa nyingi, yenye tangawizi iliyobabuliwa motoni, mdalasini na karafuu. Mnywa supu ya kongoro wa Tarime akiletewa bakuli hilo, ataduwaa kwa harufu ya viungo, lakini mfupa ataujua.

Najua mnachowaza: tambi za pakiti. Sizidharau. Zilibuniwa na Momofuku Ando, mzaliwa wa Taiwan aliyeishi Japani. Baada ya vita kuu ya pili aliona watu mjini Osaka wamepanga foleni kwenye baridi wakingoja bakuli la rameni, yaani tambi za supu, akatamani ile supu ipatikane nyumbani kwa maji ya moto tu. Alijifungia kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake, na wanasimulia kwamba jibu alilipata alipomwona mkewe akikaanga. Mafuta ya moto hufukuza maji ndani ya tambi na kuacha vitundu. Ukimwaga maji yanayochemka, yanaingia kwenye vitundu vile vile na tambi inarudi kuwa laini. Akaanza kuziuza mwaka 1958. Alifariki mwaka 2007 akiwa na miaka 96. Ninyi mnaozitafuna kavu njiani mkitoka shule, mzee yule hakutarajia hayo.

Basi Jumamosi tufanye hivi. Supu ya mifupa iwe jikoni tangu asubuhi. Chukua unga wa ngano, maji na chumvi. Mafuta weka kando, hayo ni ya kulainisha chapati na leo tunataka tambi zenye kukaza. Kanda mpaka mkono uchoke, funika, acha nusu saa. Usiibe muda hapo: donge lisilopumzika litakurudia kila ukilisukuma. Sukuma liwe jembamba, nyunyiza unga, likunje kama unavyokunja kanga, kisha kata kwa kisu kikali vipande vyembamba. Vikung'ute vifunguke. Chemsha tambi hizo kwenye sufuria ya maji peke yake, maana ukizitosa ndani ya supu unga utaifanya nzito kama uji. Zikipanda juu, onja moja. Ikiwa laini nje na bado inabisha kidogo katikati, opoa. Mimina supu, weka nyama, majani ya kitunguu, giligilani, pilipili na ndimu.

Yule binamu yenu wa Mugumu anayepika kwenye kambi za watalii, mwiteni. Amewaona wageni wengi wakila. Atawafundisha kushika vijiti, asiyeweza achukue uma. Mle haraka kabla tambi hazijavimba. Japani ukizivuta kwa mlio hakuna atakayekukemea. Bibi yenu ana maoni tofauti, kwa hiyo muulizeni kwanza.