Kwa Nini Watu Huimba Katika Sinema?

Ndugu msomaji, niwie radhi iwapo maneno yangu leo yatakwenda ovyo kama ng'ombe aliyekata kamba. Naandika usiku, hapa nyumbani Kirewa, Wilaya ya Tororo, na mbele yangu mezani zimelundikana kazi tatu ambazo sijazimaliza. Ya kwanza ni insha ya chuo juu ya historia ya maigizo katika Afrika ya Mashariki, nayo yatakiwa Jumatatu. Ya pili ni maandalio ya masomo ya shule ninakofanyia mazoezi ya ualimu. Ya tatu ni mchezo mfupi wa kuigiza ambao wanafunzi wa shule hiyo watauonyesha mbele ya wazazi wao mwisho wa muhula. Zaidi ya hayo, mimi ndimi binti mkubwa wa nyumba hii, na maji ya kuteka pamoja na wimbi la kusaga havijui kwamba mtu ana mitihani. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Sijui walimwachia methali gani mshika tano.

Akili iliyochoka haipendi njia iliyonyooka. Yangu, badala ya kukaa katika insha, imekuwa ikizunguka juu ya sinema, na hasa juu ya swali moja aliloniuliza mama.

Jumamosi iliyopita mdogo wangu alirudi kutoka Busia na picha mbili za sinema. Tukaiweka kompyuta yangu juu ya kinu kilichopinduliwa, na nyumba nzima ikakusanyika: Babu katika kiti chake, mama na ungo wa majani ya kunde mapajani, watoto chini mkekani, na majirani wawili waliopita kusalimu wakasahau kuondoka. Nyumbani kwetu twazungumza Kidhopadhola, lakini Kiswahili nacho ni cha nyumbani, kwa kuwa Babu alikuwa askari polisi na watoto wake walikulia katika kota za polisi.

Picha ya kwanza ilikuwa ya Kihindi. Msichana alipotenganishwa na mpenzi wake, palepale ambapo sisi tulitazamia aangue kilio, akaanza kuimba, na milima ikatokea nyuma yake. Mama akaacha kuchambua mboga.

"Hebu niambie wewe msomi wetu," akasema. "Huyu analia au anaimba? Mtu mwenye msiba atapata wapi pumzi ya kuimba?"

Watu walicheka. Mimi, ninayesomea mambo hayo hayo, sikuwa na jibu.

Nilichoweza kumweleza mama ni historia tu. Sinema ilizaliwa bubu. Watu walionekana wakitembea na kufungua midomo, lakini sauti haikusikika, isipokuwa ya mpiga kinanda aliyeketi ukumbini. Mwaka 1927 Wamarekani walitoa The Jazz Singer, picha ndefu iliyowasikizisha watazamaji nyimbo na maneno ya waigizaji, na jina lake lenyewe lamtaja mwimbaji. Mwaka 1931 Wahindi wakatoa Alam Ara, picha yao ya kwanza yenye sauti, nayo ilikuwa na nyimbo saba. Mwaka uliofuata ikatoka Indrasabha, yenye nyimbo zaidi ya sitini. Yaani sinema ilipofunguliwa ulimi, miongoni mwa mambo ya kwanza iliyoyafanya ni kuimba. Watu wa India walikuwa wamezoea tangu zamani michezo ya jukwaani yenye ngoma na nyimbo, na lau wangaliletewa maneno matupu wangaliona wamepunjwa.

Nikamweleza pia kwamba yule msichana mwenyewe haimbi. Aghalabu mwigizaji huchezesha midomo tu, na sauti ni ya mwimbaji mwingine aliyeirekodi mbali na kamera. Lata Mangeshkar, aliyefariki mwaka 2022, aliwaazima sauti yake waigizaji wa vizazi kadhaa.

"Kumbe analia kwa mdomo wa mwenzake," mama akasema. "Basi hilo si geni. Hata hapa mwenye kufiwa hukaa kimya, na mwanamke mwingine ndiye aongozaye nyimbo."

Akarudia mboga zake. Nami nikadhani mazungumzo yamekwisha.

Picha ya pili ilikuwa ya nyumbani kwetu Uganda, na wasomaji wengi makambini bila shaka wanaijua: Who Killed Captain Alex?, yaani "Nani Alimwua Kapteni Alex?" Ilitolewa mwaka 2010 na Isaac Nabwana, mtu wa Wakaliga, mtaa wa watu wa hali ya chini mjini Kampala, ambaye hapo awali alikuwa akifyatua matofali. Inasemekana gharama yake haikufika dola 200 za Kimarekani. Bunduki zimeundwa kwa mbao na vyuma chakavu, na helikopta zimechorwa kwa kompyuta. Juu ya picha yote husikika sauti ya VJ, yule fundi wa maneno wa vibanda vyetu vya video, ambaye hufasiri, hutania, na huwasifu wapiganaji kama mtangazaji wa mpira.

Kisa chenyewe ni hiki. Kapteni Alex, shujaa wa jeshi, anatumwa kupambana na genge la wahalifu. Kabla picha haijafika mbali, anakutwa ameuawa. Ndugu yake, bingwa wa kung-fu, anakuja kumtafuta muuaji. Watu wanapigana, majumba yanalipuka, na mwishowe picha inakwisha bila kutuambia nani aliyemwua. Wadogo zangu hupenda jambo hilo kupita yote, hugaagaa kwa kicheko na kupiga kelele, "Sasa nani alimwua?"

Safari hii Babu hakucheka. Alingoja kelele zitulie, kisha akasema polepole, "Hii picha ina ukweli kuliko mnavyodhani. Siku zetu makapteni wengi walikufa, wala hapakuwa na aliyethubutu kuuliza nani aliwaua."

Vijana wa leo huenda hawajui anachokisema. Idi Amin aliitawala Uganda tangu Januari 1971 hadi Aprili 1979, na miongoni mwa watu wa kwanza kuuawa chini ya utawala huo walikuwa askari wenyewe, hasa Waacholi na Walango, ambao wengi waliangamizwa ndani ya makambi yao mwaka ule ule wa 1971. Babu alikuwa konstebo kijana siku hizo. Katika maisha yangu yote sijapata kumsikia akizungumzia miaka ile. Tulijua alifanya kazi, tulijua alistaafu, basi.

Usiku huo alitueleza jambo moja. Askari mwenzao alitoweka, na baada ya majuma kadhaa jamaa zake wakaamua kumfanyia matanga bila maiti. Babu alitumwa na mkubwa wake aende huko, asimame pembeni, asikilize, na aandike jina la kila mtu atakayeuliza marehemu alikwenda wapi. Akaenda na kitabu chake mfukoni. Wanaume walikaa kimya, macho chini. Ndipo wanawake wakaanza kuimba. Katika nyimbo zao waliiuliza njia ilikompeleka, wakaiuliza mvua kama ilimwona amelala nje, wakawauliza ndege kama walimla nani leo. Waliimba hadi alfajiri.

"Kila swali nililotumwa kulisikiliza liliulizwa," Babu akasema. "Lakini ningemwandika nani? Wote walikuwa wakiimba. Nikarudi kituoni nikaandika: Hakuna aliyesema neno."

Nyumba ilinyamaza. Mdogo wangu akaizima kompyuta bila kuambiwa. Mama ndiye aliyevunja kimya, na alisema na mimi, si na Babu. "Nilikuuliza vibaya," akasema. "Mwenye msiba hukosa pumzi ya kusema. Ya kuimba anayo."

Ndugu msomaji, hilo ndilo jibu nililokuwa nikilitafuta vitabuni. Tangu usiku ule nikiisoma insha yangu naliona jibu hilo likichungulia kila ukurasa.

Chukua jengo moja tu, Ukumbi wa Maigizo wa Taifa mjini Kampala, uliofunguliwa mwaka 1959. Novemba 1962, nchi ikiwa imepata uhuru mwezi uliotangulia, wanafunzi wa Makerere walionyesha humo mchezo The Black Hermit, ulioandikwa na mwanafunzi mwenzao kutoka Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o. Kijana huyo, kabla hajamaliza chuo, alikuwa ameandika mchezo huo, hadithi fupi, makala za magazeti ya Nairobi, na miswada ya vitabu viwili vya riwaya. Kila ninapolalamika kwamba kazi zimenizidi, namkumbuka, nanyamaza.

Katika jengo hilo hilo mkurugenzi wa baadaye alikuwa Byron Kawadwa. Yeye ndiye aliyeandika Oluyimba lwa Wankoko, yaani "Wimbo wa Jogoo", mchezo wa nyimbo kwa Kiganda, wenye kisa cha ikulu na uchu wa madaraka. Mwanzoni mwa mwaka 1977 kikundi cha Uganda kiliuonyesha mjini Lagos, katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, FESTAC. Baada ya kurudi nyumbani, Kawadwa alikamatwa pale pale ukumbini na watu wa serikali ya Amin, akauawa.

Mwaka ule ule wa 1977, ng'ambo ya mpaka, wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walijijengea jukwaa la wazi kwa mikono yao na kuonyesha Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kikuyu uliojaa nyimbo, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba. Tarehe 16 Novemba kibali chake kikafutwa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini, na hakuachiwa hadi Desemba 1978. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafariki Mei 2025.

Mwaka mmoja, nchi mbili, na katikati yake mpaka huu wetu wa Malaba na Busia ambao watu huuvuka kila siku kwenda kununua sabuni. Watawala hao hawakuwa na urafiki, lakini walishabihiana katika jambo moja: mchezo wenye nyimbo uliwatia hofu. Hotuba husikilizwa ikasahauliwa. Wimbo mtu huenda nao nyumbani, akaimba kisimani na jikoni, na mtoto akaushika pasipo kufundishwa. Ni vigumu kuurudisha kituoni kitu ambacho kimekwisha kuingia vinywani mwa watu wote.

Sasa nirudi kwenye kazi yangu ya tatu, ule mchezo wa shule. Kisa chake ni cha mvulana anayeacha masomo ili apate vijisenti vya kuvusha mizigo kwa baiskeli mpakani Busia. Mama yake anagundua baada ya muhula mzima. Nilikuwa nimemwandikia mama huyo wimbo. Mkubwa mmoja shuleni akaniambia niufute, kwa maana wazazi wana haraka na nyimbo hula wakati. Nikautii ushauri wake, na mahali pa wimbo nikaweka hotuba ya kurasa mbili, mama akieleza faida za elimu, moja, mbili, tatu, hadi saba.

Usiku huu nimeisoma tena hotuba hiyo kwa sauti. Kila neno lake ni sahihi, wala hapana mama aliyepata kuyasema hayo. Mama aliyedanganywa muhula mzima hana pumzi ya kuhesabu faida saba. Basi nimezifuta kurasa zote mbili. Mama wa mchezo wangu ataikuta sare ya shule imekunjwa chini ya godoro, safi, haijavaliwa, ataketi, ataimba. Babu amekubali kuwafundisha watoto kupiga tongoli, kinanda chetu cha nyuzi. Wimbo hula dakika tatu, na hotuba ilikuwa ikila nane, hivyo hata yule mwenye haraka nitakuwa na la kumjibu.

Wazazi wenzangu, mlio makambini na mlio vijijini, wengi wetu huona sinema kuwa upuuzi wa watoto, na hatuulizi wanatazama nini simuni au katika vibanda vya video. Ni kweli kwamba si kila picha imfaayo mtoto. Lakini kupiga marufuku peke yake ni kazi nyepesi, na mtoto hufunzwa nayo kujificha tu. Jaribuni kuketi nao walau mara moja kwa juma. Wasipoelewa, waulizeni, msipoelewa ninyi, waulizeni pia, kama mama alivyoniuliza. Na kama nyumbani mna mzee aliyevaa sare miaka ile, mwekeni kiti mahali pazuri. Pengine picha ya mzaha itamfungua kinywa kilichofungwa kwa miaka hamsini.

Jogoo amewika. Insha bado kurasa nne, na mtungi hauna maji. Nawaaga.