Siku zisizo na mpango: Je, sindano za Kichina zitaleta mtoto?

Katika toleo hili tunazungumzia jambo ambalo akina mama hulisema kwa kunong'ona: siku za mwezi zisizokuja kwa mpango. Mara hii damu inakuja baada ya wiki tatu, mara nyingine inachelewa hadi wiki saba, kisha inapotea kabisa kwa miezi miwili. Kwa mwanamke aliyeolewa na anayengojea mtoto, kila kuchelewa ni tumaini, na kila damu inapotokea ni huzuni. Mawifi wanaanza kuuliza, mama mkwe anaanza kununa. Ndipo ushauri unapotoka kila upande, na mmojawapo ni huu: nenda mjini ukachomwe sindano za Kichina, siku zitanyooka na mimba itashika. Je, ni kweli? Tulitazame jambo hili hatua kwa hatua.

MZUNGUKO WA KAWAIDA

Mzunguko huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya kuona damu hadi siku moja kabla ya damu inayofuata. Wengi wanadhani lazima uwe siku 28. Sivyo. Kwa mwanamke mzima, mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida, na tofauti ya siku chache kati ya mwezi na mwezi si ugonjwa.

Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya damu inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 28 hupata yai karibu na siku ya 14, na mwenye mzunguko wa siku 35 karibu na siku ya 21. Lakini damu ikizidi kuchelewa kupita siku 35, au ikikatika kwa miezi mitatu, mara nyingi maana yake ni kwamba yai halikomai au halitoki. Bila yai hakuna mimba.

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Mzunguko uliovurugika ni wingu tu. Kabla ya kutafuta wa kuunyoosha, tuulize kwanza umevurugwa na nini.

SABABU ZAKE

Sababu ya kwanza ni mimba yenyewe. Wapo waliotumia dawa za kurudisha siku, kumbe tayari ni wajawazito. Kunyonyesha nako husimamisha siku. Sindano ya miezi mitatu ya kuzuia uzazi inaweza kuchelewesha uzazi kwa miezi mingi, hata mwaka, baada ya kuiacha. Kukonda sana, kazi nzito kupita kiasi, msiba na wasiwasi wa muda mrefu pia huvuruga mwili.

Kwa sisi wakazi wa nyanda za juu kusini, iko sababu ya kuangaliwa kwa makini: rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo. Milima yetu ya Rungwe ina mvua nyingi, na mvua huosha madini joto kutoka kwenye udongo. Ndiyo maana zamani rovu lilikuwa jambo la kawaida katika nyanda hizi, mpaka chumvi yenye madini joto ilipoenezwa. Tezi hii ikifanya kazi kidogo mno au kupita kiasi, siku za mwezi huyumba na mimba huwa ngumu kushika au huharibika. Nunueni chumvi yenye madini joto, iwekeni katika chombo chenye kifuniko, na itieni chakula kinapokaribia kuiva.

Zipo na sababu nyingine. Mwanamke anayenenepa, mwenye chunusi nyingi na ndevu kidevuni, huenda mifuko yake ya mayai ina vijiyai vingi visivyokomaa. Anayetokwa na maziwa bila kunyonyesha huenda ana tatizo katika tezi iliyo chini ya ubongo. Kifua kikuu nacho huweza kuingia hadi katika mji wa mimba, hata kama mgonjwa hakohoi.

Kila sababu kati ya hizi ina tiba yake. Rovu halitibiwi kwa dawa ya kifua kikuu, na kifua kikuu hakitibiwi kwa sindano za Kichina.

SINDANO ZA KICHINA NI NINI?

Tiba hii, iitwayo akupancha, ilianza China zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mganga huchoma sindano nyembamba kama unywele mahali maalumu mwilini na kuziacha kwa muda. Ndani yake hamna dawa. Wachina wa kale walieleza kwamba nguvu ya uhai hupita katika njia zake mwilini, na sindano huzifungua njia zilizoziba. Wanasayansi wa leo wanasema sindano husisimua mishipa ya fahamu.

Madaktari wa Kichina si wageni nchini. Walianza kufika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968. Kati ya mwaka 1970 na 1975 Wachina walishirikiana na wananchi wetu kujenga reli ya TAZARA inayopita Mbeya. Tena tiba yao si ya kudharauliwa. Mwaka 1997 jopo la wataalamu nchini Marekani lilikubali kwamba husaidia kupunguza kichefuchefu baada ya upasuaji na maumivu baada ya kung'oa jino.

Lakini je, huleta mtoto? Swali hili lilipimwa huko huko China, kwa wenye ufundi wenyewe, na matokeo yakatangazwa mwaka 2017. Wanawake 1,000 wenye tatizo lile la vijiyai visivyokomaa waligawanywa katika makundi manne, katika vituo 21. Baadhi walichomwa sindano za kweli, wengine za kuigiza tu. Baadhi walipewa dawa ya klomifeni, inayosaidia yai kukomaa, wengine vidonge visivyo na dawa. Kati ya kila 100 waliopewa klomifeni, karibu 29 walijifungua, wawe walichomwa sindano za kweli au za kuigiza. Kati ya kila 100 ambao hawakupewa klomifeni, ni kama 15 tu waliojifungua, na sindano za kweli hazikuwapa nafuu yoyote. Kwa maneno mengine, dawa ilisaidia, sindano hazikuongeza kitu.

Mwanamke anaweza kujisikia ametulia baada ya sindano, nasi hatumkatalii. Ila afikirie gharama. Katika utafiti huo walichomwa mara mbili kwa wiki, hadi mara 32. Kwa mtu wa Tukuyu kwenda Mbeya mjini, kilomita zipatazo 70, hizo ni safari 32 za kwenda na kurudi, zaidi ya kilomita 4,400. Fedha za chai na ndizi za msimu mzima zitaishia kwenye nauli. Na hasara kubwa zaidi ni muda, kwa sababu umri haungoji.

TUFANYE NINI?

Kwanza, wekeni alama kwenye kalenda kila siku ya damu, kwa miezi mitatu. Wanaoijua njia ya Billings wachunguze pia ute: ukiwa mwepesi, unaoteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi, yai li karibu kutoka.

Pili, nendeni hospitali, mke na mume pamoja. Wilayani Rungwe ipo Hospitali ya Wilaya ya Makandana hapo Tukuyu, na ipo Hospitali ya Igogwe. Mkihitaji vipimo zaidi mtaandikiwa barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa Mbeya. Chukueni ile kalenda, itamsaidia daktari. Mwenye umri chini ya miaka 35 asizidishe mwaka mmoja wa kujaribu bila kumwona daktari, na aliyefikisha 35 asizidishe miezi sita. Aliyekatikiwa siku kwa miezi mitatu asingoje kabisa.

Tatu, mume apimwe mbegu. Takriban nusu ya ndoa zinazokosa mtoto huwa na tatizo upande wa mume, peke yake au pamoja na mke. Kipimo chake ni rahisi na hakiumi. Si haki mke azungushwe kwa waganga miaka mitano huku mume hajapimwa hata mara moja.

Nne, mama anayetafuta mimba aanze mapema vidonge vya foliki asidi, na ale mboga za majani na maharage. Klomifeni asijinunulie dukani, kwani huweza kuvimbisha mifuko ya mayai au kuleta mapacha. Ni dawa ya kusimamiwa na daktari.

Tano, anayetaka sindano hata hivyo, azitumie baada ya vipimo, wala asiache dawa za hospitali. Aulize kama mganga amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Aone kwa macho yake sindano mpya zikifunguliwa kwenye pakiti, kwa maana sindano iliyotumika huambukiza UKIMWI na homa ya ini. Na mganga akiahidi kwamba mtoto lazima apatikane, aage na kuondoka.

Mwisho tunawaomba akina baba na akina mama wakwe. Maneno makali hayajawahi kukomaza yai. Baba anayefunga safari na mkewe kwenda kupimwa amemsaidia kuliko sindano 32.