Jamaa Akifungwa, Ukumbukeni Muda wa Rufaa

Enyi ndugu zetu Waislamu wa Maguu, katika Sura ya 76 Mwenyezi Mungu amewasifu wanaomlisha mfungwa. Basi jamaa yenu akifungwa na Mahakama ya Wilaya, msitosheke na kumpelekea chakula. Rufaa yaweza kukifuta kifungo au kukipunguza. Kusudio lake hutolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu. Sababu zake hufikishwa Mahakama Kuu, Songea, ndani ya siku 45, pasipo kuhesabu siku za kungoja nakala ya mwenendo na hukumu. Asiye na wakili humkabidhi mkuu wa gereza karatasi zake, naye huzipeleka. Muda ukipita, huombwa nyongeza kwa sababu ya msingi. Rushwa ni haramu. Lakini subira haimzuii mtu kudai haki yake.