Soli Haibanduki Siku Moja: Kagua Ufa wa Gundi Kabla Hujapost Raba

Wauzaji wenzangu wa raba za mtumba, hii ni yenu. Mwaka jana nilimtumia dada mmoja wa Dodoma raba nyeupe, 35,000 pamoja na nauli ya basi. Kiatu kinang'aa, picha kali. Wiki ya tatu akanitumia video, soli imeachama kama mdomo wa bata. Nikarudisha hela yote na bado akanichana kwenye komenti. Kilichoniuma zaidi, ule ufa niliuona wakati nafuta vumbi. Sentimita moja hivi. Nikasema aah, kadogo haka.

Kiukweli gundi inachoka. Kila hatua kiatu kinakunjwa pale kwenye vidole na gundi inavutwa kidogo. Mara moja haina shida, ila mtu wa mizunguko anapiga maelfu ya hatua kwa siku, na kila hatua inasogeza ufa kiasi ambacho jicho halioni. Ukisharefuka, gundi iliyobaki ndiyo inabeba mzigo wote. Ndo maana mwisho unakimbia.

Sasa hivi kabla ya kupost nakunja kiatu pale pale vidole vinapokunjia, halafu kikiwa bado kimekunjwa namulika ukingo wa soli kwa tochi ya simu. Kikinyooka, ufa unafumba mdomo huoni kitu, na sisi picha tunapiga viatu vimenyooka! Nikikuta mwanya nachomeka karatasi ngumu taratibu mpaka igome, najua umeingia ndani kiasi gani. Halafu naweka alama ya kalamu kwenye soli pale ufa unapoishia, kila upande. Nakunja mara mia, natazama tena. Ukiwa umevuka alama, huo ufa uko hai, kiatu hakiuzwi hivyo. Usipovuka usijidanganye pia: mara mia ni hatua mia, mteja anazimaliza kabla hajafika kituoni. Nacho kinaenda kwa fundi.

Na fundi umsimamie. Akipaka gundi ukingoni tu kaziba mdomo, ndani bado wazi. Afungue mpaka ufa unapoishia, asugue gundi ya zamani kwa msasa, afute vumbi, apake pande zote mbili, aache ishike kidogo ndo abane. Supaglu hapana. Inakauka ngumu, kiatu kikikunjwa inakatika.

Msione ni mambo ya viatu tu. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya Aloha Airlines ilifumuka paa ikiwa angani huko Hawaii. Maungio ya bati za bodi yalikuwa na gundi na ribiti. Gundi iliachia, mzigo ukahamia kwenye ribiti, na nyufa zikaanzia kwenye matundu yake. Ndege ilikuwa imesharuka zaidi ya mara 89,000. Mhudumu mmoja alivutwa nje akafariki. Na kuna abiria aliuona ufa wakati anapanda, akanyamaza.

Raba iliyopita kwa fundi naandika kwenye tangazo "imepigwa gundi upya mbele" na napunguza 5,000. Wengine wanapita, wengine wanachukua wakijua. Yule dada wa Dodoma hajawahi kurudi.

Mwenye swali aache hapo chini, nikifunga duka usiku najibu.