Namba yako ya siri ni 1935 au 1936? Umekwisha!

MACHI 2018, vyombo vya habari vya Italia viliripoti kituko kilichoikuta Lazio. Klabu hiyo ilikuwa imebakiza malipo ya mwisho ya beki Stefan de Vrij, iliyemsajili kutoka Feyenoord mwaka 2014. Ikaingia barua pepe iliyoonekana kutoka kwa Waholanzi wenyewe, ikitaja akaunti ya kulipia. Zikatumwa Euro milioni 2. Feyenoord walipoulizwa, wakasema barua pepe hiyo hawaijui na hela hawajaiona.

Shabiki wa Kibamba akisoma hapo atacheka, maana mchezo huo anaujua. Ni ileile ya "ile hela tuma kwenye namba hii", ila imevaa suti.

Sasa jiulize, Lazio wana wahasibu na wanasheria na bado walipigwa. Vipi wewe uliyebanana kwenye kibanda umiza pembeni ya Barabara ya Morogoro, dakika ya 85, mkeka umebakiza timu moja, halafu simu inaita?

Wanavyokuingia

Tapeli havunji mlango, anaomba ufunguo. Anajitambulisha kuwa ni huduma kwa wateja, anakutajia jina lako kamili, kisha anasema kuna hela imekosewa au umeshinda zawadi. Jina lisikutishe. Akijaribu kukutumia hela tu, jina lako linamtokea kabla hajathibitisha.

Kinachofuata ndicho anachokitaka: "Nisomee tarakimu 6 zilizoingia kwenye simu yako." Hizo tarakimu ndizo zinazofungua WhatsApp yako kwenye simu yake. Ukizisoma tu, dakika chache baadaye anawaomba hela ndugu na washkaji zako kwa jina lako. Anayekuahidi 'mechi ya uhakika' au tiketi ya dabi kwa bei ya kutupa kupitia linki, naye anatafuta hukohuko.

Na mastaa nao hawasalimiki. Agosti 2024 akaunti ya Kylian Mbappé kwenye mtandao wa X ilidukuliwa, yakaandikwa maneno ya kumkejeli Lionel Messi na kutangazwa sarafu ya mtandaoni. Mashabiki walioamini kuwa ni yeye ndio waliokuwa wakiwindwa.

Mapenzi ya timu yasikuponze

Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936. Kila shabiki anajua, na tapeli anajua pia. Akiokota simu yako, halafu picha ya mbele umevaa jezi ya Wananchi, ataanza na namba gani? Mwaka wako wa kuzaliwa nao anaupata kwenye kitambulisho ulichoweka nyuma ya kava.

Chagua namba isiyohusiana na timu, mtoto wala tarehe yoyote. Neno la siri la barua pepe lisifanane na la Facebook, maana likivuja moja yanaondoka yote. Kwenye WhatsApp, ingia kwenye mipangilio uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Kazi ya dakika 2, hata mapumziko hayaishi.

Ukipigiwa na 'huduma kwa wateja', kata, kisha piga mwenyewe namba ya mtandao wako. Hakuna mhudumu wa kweli anayehitaji namba yako ya siri. Piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda ofisi za mtandao husika ikafutwe. Namba ya tapeli itume kwenda 15040. Ukiwa umeshaibiwa, wahi mtandao wako wazuie hela, kisha nenda polisi. Tangu 2015 tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao.

Hela ya kwenye simu mara nyingi siyo ya mkeka tu. Kuna kodi ya nyumba, ada ya mtoto na marejesho ya bodaboda ya mkataba. Timu ikifungwa leo, wiki ijayo kuna mechi nyingine. Hela ya ada ikiondoka, mtoto anarudishwa nyumbani.