Krediti Ni Saa, Haiko Makuta



Tangu mfumo wa LMD uingie katika vyuo vyetu, neno moja liko kwa kinywa cha kila mwanafunzi: krediti. « Niko na deni ya krediti sita. » « Ile kozi iko na krediti ngapi? » Lakini ukiuliza krediti moja ni kitu gani, wengi wanajibu: ni pointi. Wengine wanacheka na kusema: ni makuta. Shida inaanza hapo, juu mtu asiyejua kipimo hawezi kujua kama wamemwibia.

Tuanze na historia kidogo. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ndiyo iliyoingiza LMD katika inchi yetu, na vyuo kwa jumla viliianza mwaka wa masomo 2021-2022. Zamani ilikuwa miaka 3 ya gradua na miaka 2 ya lisansi. Sasa ni miaka 3 ya lisansi, miaka 2 ya masta, kisha udaktari. Wazazi wengi waliona tu hiyo hesabu ya miaka. Lakini badiliko kubwa liko kwa namna ya kuhesabu kazi. Zamani kozi ilihesabiwa kwa saa za mwalimu mbele ya ubao. LMD inahesabu saa za mwanafunzi.

Krediti moja ni saa 25 za kazi yako. Kwa kawaida saa 15 ni za darasani: kumsikiliza mwalimu, mazoezi, labo, shamba. Saa 10 zinazobaki ni zako mwenyewe: kusoma, kurudilia mahesabu, kuandika. Kwa hiyo kozi ya krediti 4 inakuomba saa 100, na 40 kati yake hakuna mtu atakuchunga. Mwaka mmoja ni krediti 60, lisansi nzima ni krediti 180. Piga hesabu: saa 4500, na 1800 kati yake ziko mikononi mwako.

Sasa tuseme ukweli. Hizo saa 1800 ziko wapi? Mara mingi zinabaki kwenye karatasi. Mwanafunzi anangojea silabusi, anaikariri siku tatu mbele ya mtihani, anaimwaga, anasahau. Kazi ya kikundi inafanywa na mtu mmoja, wengine wanaandikisha majina. Memware inanakiliwa ya mtu wa mwaka jana, ao siku hizi inaombwa kwa ChatGPT, na mwenye kuibeba hawezi kueleza jedwali lake la pili.

Wakubwa wetu wanasema: vijana wa leo ni wavivu. Mimi ninaona hilo jibu ni fupi sana. Angalia oditwari yenye mamia ya watu na asistani mmoja wa kusahihisha. Angalia labo bila vifaa, umeme unaokatika, mwanafunzi anayeuza unité asubuhi ili alipe sehemu ya minerval. Na juu ya hayo yote, anaona pointi zinanunuliwa, na kazi zinapatikana kwa kujuana. Akijiuliza « saa 40 za nini? », anapiga hesabu kufuatana na yale anayoona. Basi mwalimu anayelazimisha kununua silabusi, na chuo kinachofunga macho, wako na sehemu yao katika anguko hili.

Lakini hiyo hesabu ya mwanafunzi inakosa kitu kimoja: siku ya kazi. Nitoe mfano wa kwetu agronomia. Mulimaji anakuambia: shamba langu la mahindi ni metre 20 kwa 25, niweke mbolea kiasi gani? Tuseme tunataka kilo 60 za azoti kwa hektari. Shamba lake ni metre karé 500, ndiyo sehemu ya 20 ya hektari: anahitaji kilo 3 za azoti. Mbolea ya 17-17-17 iko na azoti 17 kwa mia, kwa hiyo ni karibu kilo 17 na nusu. Ure iko na 46 kwa mia: kilo 6 na nusu zinatosha. Ukichanganya hizo mbili, ukamwambia aweke kilo 17 za ure, umemuuzisha mbolea karibu mara tatu ya ile aliyohitaji, na mimea inaweza kuungua. Yeye hatakuuliza ulipata distinction. Atapoteza makuta yake, na mwaka ujao hatasikiliza agronome yeyote.

Hii hesabu haiko ngumu. Lakini haiingii kichwani kwa kusikiliza tu. Inaingia ukiifanya mara kumi, ukikosea, ukirudilia. Ndiyo maana ya zile saa 10.

Tufanye nini basi? Mwanzo wa kila kozi, delege wa promosheni aombe mwalimu maelezo ya kozi: krediti ngapi, saa ngapi za darasani, kazi gani ya kufanya peke yako, na itapimwa namna gani. Haiko dharau, ni haki yenu. Kama kozi ya saa 60 imemalizwa kwa siku tatu, muandike, na muandike pamoja, juu mmoja peke yake anaogopa. Kisha kila mtu ajichunge: kikundi cha watu wanne ao watano, mara mbili kwa juma, kila mmoja anaeleza sura moja bila kusoma. Anayeshindwa kueleza hajajua bado. ChatGPT nayo, muiombe iwaulize maswali, isiwaandikie majibu.

Waajiri wengi, zaidi miradi na mashirika, wanatoa kwanza mtihani wa kuandika. Pale mbele ya karatasi, deni ya saa zako 1800 inaombwa yote kwa siku moja.